Nimepiga hesabu ya aloi nikapata 236, maabara inasema 166

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nasanifu sahani ya kupoozea vifaa vya umeme kwa aloi ya 6061-T6 (alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo). Nilichukua asilimia ya kila elementi nikaizidisha kwa upitishaji joto wake, nikajumlisha, nikapata wati 236 kwa mita kwa kelvini. Maabara imeniletea 166. Mwenzangu anasema mashine yao ni mbovu, nizidishe majibu yao kwa 1.4 niendelee na kazi. Nifuate lipi?

Jibu: Fuata 166, ndugu yangu, na hiyo 1.4 uifute leo kabla haijaingia kwenye mchoro wa mtu mwingine. Majedwali huipa 6061-T6 thamani ya 167, kwa hiyo mashine haina kosa. Kosa ni kujumlisha asilimia, na nimechoka kulikuta kwenye ripoti za watu waliosoma vizuri kabisa.

Joto ndani ya alumini hubebwa hasa na elektroni. Atomi ngeni ikiyeyuka humo haileti mchango wake wa kupitisha joto. Inavuruga mpangilio wa fuwele, na elektroni zinaigonga na kutawanyika. Shaba peke yake inafika 401, lakini ikiyeyuka ndani ya alumini inashusha upitishaji. Kromi na manganisi ni wabaya zaidi: hata sehemu chache za kumi za asilimia moja zinaonekana kwenye kipimo. Chuma hudhuru kidogo tu, kwa kuwa karibu hakiyeyuki. Hujitenga kikawa chembe.

Kwa hiyo cha kuuliza ni kiasi gani kimeyeyuka na kiasi gani kimejitenga. Kata pau moja ya 6061 vipande vitatu. Kilicholainishwa kwa joto (O) kina 180. Kilichochomwa, kikazamishwa majini, kisha kikaachwa (T4) kina 154, maana magnesi na silikoni bado zimenaswa ndani. Ukikirudisha kwenye tanuri kwa joto la wastani kiwe T6, sehemu yake hutoka kama chembe ndogo mno, na thamani hupanda hadi 167. Asilimia hazikubadilika hata kidogo. Hesabu yako ingewezaje kuitambua tofauti hiyo?

Ukitaka makadirio ya haraka, pima upitishaji umeme. Kwa 6061-T6 ni kama megasimensi 25 kwa mita. Kanuni ya Wiedemann na Franz, inayopata upitishaji joto kwa kuzidisha upitishaji umeme kwa halijoto na kwa namba maalumu, ikitumiwa ilivyo, kwa namba ya 2.44 × 10⁻⁸ na kelvini 298, inatoa 182. Iliyorekebishwa kwa aloi za alumini, yaani namba iwe 2.1 × 10⁻⁸ kisha ongeza 12.6, inatoa 169.

Kama bado una shaka na maabara, waulize unene wa sampuli. Kwa kipimo cha mmweko wa leza, ambapo uso mmoja hupigwa mwanga na muda wa uso wa pili kupata joto hupimwa, kisahani cha milimita 2 kilichopakwa grafiti hufika nusu ya ongezeko la joto kwa milisekunde 8 hivi, na unene huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Ukikosea unene kwa asilimia 5, jibu linakosea kwa 10. Lakini halikosei kwa 40.

Wanaonikera zaidi ni wanaouza vikokotoo vinavyodai kutoa upitishaji joto kwa muundo wa kemikali tu. Niliwahi kuletewa kasha lililoungua vifaa vyake: lilisanifiwa kwa 200, kumbe ni A380, aloi ya alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, yenye 96 hivi. Kwenye karatasi ya muuzaji paliandikwa “alumini” tu, na hakuna aliyemuuliza alumini gani, wala imepashwa joto vipi.