Baba amegawa mbuzi na kuacha dawa: ni uzee, au yuko hatarini?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 76, anaishi peke yake kijijini wilayani Kongwa tangu mama afariki mwaka jana. Mimi nafanya kazi Dodoma mjini. Tangu mavuno hali chakula vizuri, anaamka saa tisa usiku na kukaa nje mpaka kunapambazuka, na dawa za presha ameacha, anasema zinamaliza hela za watoto bure. Juzijuzi aliwaita wadogo zangu akawagawia mbuzi, akawaambia ametuchosha, bora apumzike. Kaka yetu mkubwa anasema huo ni uzee tu, wazee wote wanaongea hivyo. Mimi nina hofu, lakini naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Pia tunasikia anayejaribu kujiua anashtakiwa, kwa hiyo tunaogopa hata kumpeleka hospitali. Tumefikiria kumhamishia kwangu mjini. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kuuliza, maana ndilo limekufunga mikono: muulize. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Limechunguzwa katika nchi nyingi na majibu ni yaleyale. Aliyekuwa na wazo hilo hupata nafuu kwa kulisema, asiyekuwa nalo atakushangaa, pengine akukemee. Kukemewa na baba yako ni jambo utakaloweza kulivumilia.

Kaka yako naye hajakosea moja kwa moja. Wazee wetu huzungumzia kifo bila woga. Mzee atakuambia jua lake limeshachwa, atakuonyesha anapotaka kuzikwa, atagawa mifugo mapema ili watoto wasije wakagombana. Huo ni utu uzima, na wala hauhitaji daktari. Ninachoangalia mimi ni mambo mawili. La kwanza, anajizungumziaje: anasema Mungu atamchukua siku ikifika, au anajihesabu kama gharama na mzigo ambao ninyi mtapumua ukiondoka? La pili, kesho bado inamhusu? Mzee aliyegawa mbuzi zake kwa amani bado atauliza mvua zimeanzaje huko Mpwapwa, uwele umefika bei gani Kibaigwa, mjukuu kafaulu au la. Aliyekata tamaa haulizi.

Baba yako, kwa uliyoniandikia, anajihesabu kama gharama. Ukiongeza kutokula, kuamka usiku wa manane, kuacha dawa na kufiwa na mke, hapo huo si uzee. Kuacha dawa nakutilia mkazo, kwa sababu familia nyingi hulipita. Kuna wazee ambao hawatafanya jambo lolote la ghafla; wataacha kula, wataacha dawa za presha au sukari, wakisubiri mwili umalize kazi. Nayo ni njia ya kujiondoa duniani, na inastahili hofu ileile.

Kuna sababu ya mimi kutotaka msubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu kila pembe ya dunia kiwango huwa juu zaidi kwa waliovuka miaka 70, wanaume hasa. Kwa vijana, kwa kila kifo kimoja huwa kuna majaribio mengi, ishirini na zaidi. Kwa wazee makadirio hushuka hadi kama manne. Mzee hatishii wala hapigi kelele. Amekaa na wazo muda mrefu, mwili wake hauna nguvu ya kuhimili, na mara nyingi yuko peke yake, hakuna wa kumkuta mapema. Kwa kijana unaweza kupata onyo la pili na la tatu. Kwa mzee, chukulia hili ulilopata kuwa ndilo.

Sasa, nani aulize na vipi. Naomba msiitishe kikao cha ukoo. Najua ndiyo njia yetu ya kumaliza mambo, lakini mzee akikalishwa katikati ya watoto, mashemeji na mwenyekiti wa kitongoji kuulizwa kwa nini anataka kufa, atakana, na kuanzia siku hiyo atajificha vizuri zaidi. Aende mtu mmoja. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa rika lake aliyechunga naye, au mjukuu mtu mzima mwenye utani naye (si mtoto wa shule, huo ni mzigo usiomfaa). Kaeni nje pale anapokaa mwenyewe, mkifanya kitu cha mikono, kupukuchua mahindi au kupepeta. Usianze na kifo. Anza na usingizi: "Baba, usiku unapoamka saa tisa, unawaza nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu cha kukukera. Halafu: "Mtu aliyepitia uliyopitia wewe, wakati mwingine huona bora asiwepo. Imekufikia hiyo?" Akikubali, songa mbele wazi: "Umefikiria kujiua?" Na baada ya hapo: umefikiria utafanyaje, umeandaa kitu, umepanga lini?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoniambia mimi tabibu niharakishe kiasi gani. Anayesema "natamani nilale nisiamke" anahitaji kuonwa wiki hii. Mwenye njia aliyoichagua, au siku, au aliyeandaa kitu, haachwi peke yake hata dakika moja, anaenda hospitali siku hiyohiyo, na usiku huo kuna mtu analala chumba kimoja naye. Akisema lolote, usimjibu "usiseme hivyo baba" au "unatutia aibu." Wala usimwambie kujiua ni dhambi, anajua, na huenda ndicho kinachomfanya anyamaze. Sema, "Asante kwa kuniambia. Hutalibeba peke yako."

Kabla hata ya hospitali kuna jambo la kufanya leo. Nyumba nyingi za wakulima na wafugaji wetu hazikosi dawa za shamba, za kuogesha mifugo na za kuhifadhi nafaka, na mara nyingi ziko chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Zitoke. Zisifichwe ndani ya boma lilelile, ziende kwa jirani au kwa baba mdogo, zikafungiwe huko. Vidonge vilivyobaki navyo vitunzwe na mtu mwingine, awe anapewa vya siku chache. Watu huniambia, "Aliyeamua ameamua, atatafuta njia nyingine." Sivyo ilivyo. Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka, na likipanda mtu hushika kilicho karibu. Kisipokuwepo, wengi hawatafuti kingine. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, mmoja baada ya mwingine, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili katika miaka 20 hivi, na kilimo hakikufa. Mfanye bila kumdhalilisha, lakini msimfiche: "Baba, mpaka utakapopata nafuu hizi zitakaa kwa baba mdogo." Ni mwenye nyumba huyo, asikie kwenu.

Hospitalini nakutahadharisha na jambo moja. Mzee wa Kigogo akifika kwenye dirisha la wazee hatasema ana huzuni. Atasema kichwa kinawaka, mgongo unauma, tumbo limejaa, usingizi hamna. Foleni ni ndefu, ataandikiwa dawa ya maumivu na ya vidonda vya tumbo, mtarudi nyumbani. Tafiti za nchi za Magharibi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wazee waliojiua, wakati mwingine zaidi, walikuwa wamemwona mhudumu wa afya ndani ya mwezi mmoja kabla. Walifika, hawakuulizwa. Kwa hiyo ingia naye, au omba dakika mbili peke yako na tabibu, useme kwa maneno mafupi: hali chakula vizuri, haachi kuamka saa tisa usiku, ameacha dawa, amegawa mali, na amesema bora apumzike. Sentensi hiyo moja itabadilisha anachoandikiwa.

Kinachotafutwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo kwa wazee huja imevaa mwili: maumivu, uchovu, kukonda, hata kusahausahau kunakofanana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa uzeeni. Lakini kabla ya kuitibu, apimwe presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Aulizwe kuhusu mkojo, maana tezi dume humnyima mzee usingizi na heshima yake kwa pamoja. Akaguliwe macho na masikio. Mtoto wa jicho pekee anaweza kumfungia mzee ndani, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura ya aina nyingine, huenda ni malaria au maambukizi, msingoje. Na aulizwe kuhusu pombe bila kuoneana haya. Anayekunywa ili alale anazidisha kilekile kinachomwamsha.

Akipewa dawa za sonona, ataanza na dozi ndogo kuliko ya kijana. Amitriptilini, ambayo hupatikana kirahisi, kwa mzee inaweza kuleta kizunguzungu, kuanguka, kufunga mkojo na kusumbua moyo, na ikizidi kipimo ni hatari kubwa, kwa hiyo ulizeni kama kuna nyingine inayomfaa zaidi, kama fluoksetini, na isikae nyumbani kwa wingi. Nafuu haiji kesho. Hesabuni wiki mbili hadi nne kuanza kuiona, kwa mzee hata zaidi. Asiache mwenyewe.

Kuhusu sheria: ni kweli Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mimi naona kifungu hicho kinawafanya watu wafiche wagonjwa, na wenzetu wameshaanza kuondoka huko; Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu chao ni kinyume cha katiba. Lakini soma vizuri: kosa ni kujaribu. Kuwaza kufa, kukosa usingizi, kuja kuomba tiba, si kosa popote. Baba yako anakuja kama mgonjwa. Na hata kama angekuwa ameshajidhuru, ya kwanza ni hospitali. Polisi hawamtibu mtu.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya Kongwa, na ikibidi watawaandikia rufaa kuja Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua Mirembe limekuwa jina la kutaniana, "utapelekwa Mirembe." Wanaokuja kliniki pale wengi wao huonana na mtaalamu, huchukua dawa na kurudi makwao siku hiyohiyo. Serikali imeweka utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kwa hiyo aje na kitambulisho chake cha mzee, na kama hana, serikali ya kijiji ianze kumshughulikia sasa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa hapo kijijini aambiwe pia, apite kumwangalia. Mkikwama, simu ya Wizara ya Afya 199 ni bure.

Sasa la kumhamisha. Kama yuko kwenye hatari ya leo, ndiyo, mchukue au mmoja wenu akalale kwake. Lakini kuhama moja kwa moja nisingependa mliamue kwa haraka. Nawaona wazee walioletwa hapa mjini, Nkuhungu na Ilazo: nyumba nzuri, geti limefungwa, watu wote wako kazini, televisheni inaongea peke yake, na hakuna wa kumsalimia kwa Kigogo "mbukwenyi" mpaka jioni. Alikuwa mtu mwenye kauli kijijini, sasa anaomba ufunguo wa choo. Amempoteza mke, mkimwondolea na boma, majirani na mifugo iliyobaki, mnaongeza msiba juu ya msiba.

Badala yake jaribuni kumrudishia kazi. Katika jimbo la Veneto huko Italia walianzisha huduma ya kuwapigia wazee simu mara kwa mara na kuwapa kitufe cha kuomba msaada, na vifo vya kujiua vilipungua, ila kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Nimelitafsiri hivi katika kazi yangu: mwanamume mzee hasaidiki sana kwa kuulizwa "unajisikiaje baba?" Anasaidika akihitajiwa. Wadogo zako wamrudishie mbuzi wawili watatu kwa kisingizio cha kweli, kwamba hawajui kuwachagulia beberu. Kaka yako ampigie kumuuliza mipaka ya shamba. Simu pigeni, kitochi chake kikiwa na chaji, kwa zamu na saa ileile, ili asiyepokea ajulikane mapema na jirani atumwe.

Jambo la mwisho, nalo mlishike wote mkiwemo ninyi wa mbali. Wiki za kwanza za tiba zina mtego. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujarudi, na mzee aliyekuwa amejilaza akaanza kuamka, kunyoa ndevu, kuaga watu. Akichangamka ghafla bila sababu inayoonekana, msishangilie bado. Mtu akae naye usiku ule, aulizwe tena maswali yaleyale, na asubuhi arudishwe kwa tabibu hata kama siku ya kliniki haijafika.