Maswali na Majibu: Simu Mpya ya Binti na Mengine Kuhusu Ukatili wa Kingono kwa Watoto

Binti yangu wa miaka 13 amekuja na simu mpya, anasema kapewa na rafiki. Nimchape aseme ukweli?

Ukimchapa utamfundisha kuficha zaidi. Simu peke yake haithibitishi kitu. Tazama yanayoandamana nayo. Anaigeuza ukikaribia? Ana pesa usizompa? Anatoka haagi, anarudi kanuna, masomo yameporomoka? Wanaowinda watoto kwa ngono huanza kwa ukarimu: vocha, nguo, sifa tele. Kisha huomba picha moja ya utupu, na picha hiyo ndiyo inayomfunga mtoto mdomo, maana anatishiwa kuwa itasambazwa. Kaa naye mkiwa mnafanya kazi nyingine, hata kukunja nguo, umuulize: "Huyo rafiki mlijuanaje?" Halafu nyamaza. Wazazi wengi hushindwa hapo pa kunyamaza. Ukikuta ujumbe wa vitisho usiufute, ni ushahidi.

Mwanangu anasema ametendewa ukatili wa kingono. Daktari amempima, hakuona jeraha. Basi amesingizia?

La. Watoto wengi waliotendewa ukatili huu hukutwa hawana alama yoyote mwilini. Kama tukio ni la karibuni, wahini hospitali: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asiogeshwe kabla, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi.

Jirani anasema mtoto alikubali mwenyewe na hela akapokea.

Jirani amekosea. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 34, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya unyonyaji wa kingono, na hela haimgeuzi mtoto kuwa mshirika wa aliyemnyonya.

Nilitendewa haya utotoni. Sasa ni mtu mzima, lakini manukato fulani nikiyasikia natetemeka, na mume wangu akinigusa ghafla naruka. Nimerukwa na akili?

Hapana, dada yangu. Mwili hukumbuka hata pale akili inapotaka kusahau. Jinamizi, sonona, hasira zisizo na sababu, ulevi, kujikata, kushindwa kumwamini mtu: yote hayo yaweza kuzuka baada ya miaka mingi, na yanatibika. Mtafute mnasihi aliyesomea kiwewe, yaani majeraha ya moyoni. Mumeo mwambie kiasi unachotaka tu, ila hilo la kukugusa ghafla mwambie leo.