Wananicheka kwa kumlilia mwandishi

SWALI: Shikamoo anti. Nauza spea za pikipiki Tandika. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki, tarehe 28 Mei 2025, kijiweni wananitania eti namlilia mzee wa Kikenya wa miaka 87 ambaye hata sikuwahi kumuona. Natamani nimuenzi ila nina aibu, maana yeye alipigania tuandike kwa lugha zetu na mimi nimemsoma kwa Kiingereza tu, vile vya shule. Si unafiki huo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nakupa pole ya kweli, mtu aliyekukeshesha usiku na kitabu si mtu baki. Hao wanaokucheka si ndo wananuniana wiki nzima kisa timu ya Uingereza?

Unafiki sioni. Mwenyewe alianza na Kiingereza, riwaya ya kwanza ya Kigikuyu kaja kuiandika akiwa kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, walimchukua mwisho wa 1977 wakamweka kama mwaka hivi bila kumfikisha mahakamani, basi akawa anaandika kwenye karatasi za chooni, zile ngumu za kumkomoa mfungwa, kumbe kwa kalamu zinafaa kweli. Na riwaya hiyo ipo kwa Kiswahili, inaitwa Shetani Msalabani. Ulizia kwa wauza vitabu vya mtumba.

Ila usijifungie nayo chumbani. Ilipotoka 1980 kule Kenya watu walisomeana kwa sauti, majumbani mpaka baa. Ngũgĩ alisimulia kwamba msomaji wa baa akifika patamu anagundua glasi yake imekauka, anaweka kitabu chini, wateja wanapiga kelele mwongezeeni bia huyo, ndo anaendelea.

Wewe una kijiwe cha kahawa, tosha kabisa. Usianze na historia ya marehemu, watakukimbia. Anza na yule dada wa kwenye riwaya, Wariinga, kamkataa bosi kazi ikaota mbawa, mwenye nyumba naye kapandisha kodi, mara wahuni wanamtolea vitu nje (hapo wapangaji wote wa Tandika watanyamaza, nakwambia). Vitu vikishafika barabarani funga kitabu, chungulia kikombe chako. Kahawa na kashata watalipa wao.

Ukikikosa niandikie tena, changu kimechanika jalada ila kurasa zote zipo.