Gari inakata ukikanyaga mafuta, ni plagi au sensa?

SWALI: Shikamoo fundi. Kigari changu cha zamani, cha kebo ya mafuta, nikipanda nacho Newala ukikanyaga kidogo kinakata halafu kinaruka kama kimepigwa teke, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) nayo inapanda inashuka yenyewe. Plagi nimebadili zote, wapi! Jamaa kaniambia ninunue sensa ya throtoli, nimsikilize? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Marahaba. Usinunue kabla hujapima, hela ya plagi si umeona ilivyoenda. Sensa hiyo huiambia kompyuta umekanyaga mafuta kiasi gani, iko ubavuni mwa throtoli bodi (lango la hewa ya injini linalovutwa na kebo ya mafuta), nyingi zina waya 3: mmoja unaleta volti 5, mmoja ethi (negativu), wa tatu unapeleka taarifa kwenye kompyuta. Washa swichi bila kupiga stata, soketi iwe imechomekwa, weka mita kwenye huo wa tatu, throtoli ikiwa imefungwa utasoma kama 0.5 hivi, halafu mwenzako akanyage mafuta polepole saaana, namba ipande taratibu mpaka 4 na kitu. Ikifika 1.2 ikadondoka sifuri ndo ikarudi, basi hiyo imekwisha. Ila chungulia pini kwanza, huku pwani chumvi inakula, nishakuta kutu ya kijani tu ndo ugonjwa wenyewe.

Kubadili ni skrubu 2, chomoa negativu ya betri kwanza. Kama matundu yake ya skrubu ni marefu piga alama ilipokaa ya zamani, ukishafunga mpya rudisha negativu upime tena, na usikaze mpaka mita isome inavyotaka gari yako.