Uliza Mfamasia: Dawa ya kifafa ilikata siku nne, sasa nimeze mbili mbili nifidie?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja, dawa za kifafa, nadhani ni kwa sababu mwezi jana niligusia kidogo tu nikapita. Nimechagua nne. Ya kwanza ndo ndefu na nitakaa nayo sana maana wengi mtajiona humo.

Dada habari za kazi. Mimi ni fundi seremala nina miaka 34, kifafa kilinianza nikiwa form two na sasa hivi natumia Tegretol za 200, moja asubuhi moja usiku, nilikaa mwaka mzima na miezi minne sijaanguka hata mara moja. Mwezi uliopita nikaenda kuchukua dawa naambiwa zimeisha nirudi wiki ijayo, na mfukoni nilikuwa sina kitu, nikajisemea siku tano si nyingi mbona niko vizuri tu. Siku ya nne nikaanguka karakana, namshukuru Mungu mashine ya kupasulia mbao ilikuwa haijawashwa, nimechubuka uso basi. Dawa nimepata jana. Mke wangu anasema nimeze mbili mbili nifidie zile zilizopita, mama anasema mwili umeshaizoea dawa haifanyi kazi tena nikatafute mizizi, na nesi akanipa wazo nihamie fenobabitoni maana hiyo haikosekani. Nishike lipi?
Fundi, Ifakara

Pole sana fundi, na mshukuru Mungu kweli maana ingekuwa imewashwa ile mashine tungekuwa tunaongea mengine.

Nianze na mama kwa heshima zote. Mama, dawa haijashindwa. Dawa haikuwepo. Mtu kakaa mwaka na miezi minne hajaanguka, dawa imekata siku nne akaanguka, hapo dawa ndo imejitetea yenyewe kwamba ilikuwa inafanya kazi.

Chukulia ni tangi la maji juu ya paa. Bomba linajaza, na huku chini mnachota mchana kutwa. Dawa ya kifafa haikusubiri uanguke ndo ikutibu, kazi yake ni kukaa kwenye damu kwa kiwango kilekile usiku na mchana ili ule umeme wa kwenye ubongo usiripuke, na ini lako nalo linachota bila kupumzika. Kabamazepini, yani hiyo Tegretol yako, kwa mtu aliyeitumia muda mrefu inachotwa haraka, nusu ya iliyopo inaweza kuondoka ndani ya nusu siku hivi, ndo maana unameza asubuhi na usiku. Kwaio siku ya pili tangi liko chini kabisa, siku ya nne ni kutu tu. We ulijisikia vizuri siku tatu ukadhani mwili umepona, kumbe kujisikia vizuri hakupimi tangi.

Sasa mbili mbili. Hapana fundi. Ukisahau dozi moja ukakumbuka baada ya masaa machache, meza. Ukikumbuka wakati dozi inayofuata imeshakaribia, ile iliyopita iache iende zake, endelea na ratiba, usirundike. Na zikipita siku kadhaa kama wewe usijianzishie mwenyewe kwa kubahatisha, rudi kituoni uwaambie ukweli kwamba nilikaa siku nne bila dawa nikaanguka, wao ndo waseme uanzie wapi. Kumeza mbili mbili kutakuletea kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kutapika na kuyumba, na we unashika msumeno. Kuna dawa nyingine ya familia hii inaitwa lamotrijini, hiyo ndo kabisa, ukiiacha siku kadhaa ukarudi na dozi kubwa ghafla ngozi inaweza kubabuka vibaya, lazima ianze chini ipande polepole.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba kukata dawa ghafla hakurudishi tu kifafa cha zamani, kinaweza kurudi kikali zaidi, mtu anaanguka anatingishika haachi, au anaanguka anaanguka tena kabla hajazinduka. Ikipita dakika 5 hiyo si ya kusubiri iishe, tafuteni usafiri mara moja. Mke wako alijue hilo kwa saa, sio kwa kukisia, maana dakika moja ya kumwangalia mtu unayempenda akitingishika inaonekana kumi.

Kuhusu fenobabitoni nesi hajakosea kwamba ni dawa nzuri. Ni ya zamani mno, imetumika kwa kifafa toka 1912, ni ya bei rahisi, na nyie wa bonde la Kilombero mko jirani na Mahenge, pale daktari wa Kinorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 inaanza, na fenobabitoni ndo iliwatoa watu wengi gizani enzi hizo. Na tangi lake linashuka taratibu sana, inachukua kama siku nne kupungua nusu, ndo maana inamezwa mara moja tu usiku. Ila haibadilishwi dirishani kama unavyobadilisha soda. Kwanza na yenyewe inachukua wiki mbili tatu kujaa, ukiacha Tegretol leo ukaanza fenobabitoni leo kuna wiki hapo katikati uko mtupu. Daktari huwa anaingiza hii kidogo kidogo huku anapunguza ile. Pili inaleta usingizi hasa mwanzoni, na kazi yako unaijua. Mimi ningekuwa wewe ningemwambia daktari kwanza anisaidie kubaki na ile iliyonishika mwaka na miezi minne, aniandikie cheti ili ikikosekana hospitali ninunue famasia hata ya wiki moja. Na usisubiri kopo liite, zikibaki za siku kumi anza safari. Ukiambiwa hazipo bado una siku kumi za kuhangaika, sio sifuri.

Mizizi sitaitukana, ila usiiweke juu ya dawa kimyakimya, na usiache dawa kwa ajili yake.

Kabla sijamwacha fundi kuna mambo mawili ya dirishani. La kwanza ni ile bahasha ndogo ya dawa imeandikwa 1x2. Kwetu maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, ila nimeshakutana na mama alikuwa anampa mtoto vidonge viwili kwa mkupuo mara moja, mwezi mzima, mtoto asubuhi anasinzia darasani alfajiri anaanguka. Yule mama hana kosa, aliyeandika ndo alitakiwa aongee. Usiondoke dirishani hujarudia kwa mdomo wako, nameza ngapi, saa ngapi. Na vidonge vyako acha kwenye pakti yake, usivichanganye kwenye kinailoni na vingine maana vingi ni vyeupe vya mviringo vinafanana kama mapacha.

La pili ni dawa nyingine za kununua. Kuna kijana aliletwa na mama yake kashikwa mkono, anatembea anapepesuka, anasema anawaona watu wawili wawili, na mama ameshamsema njia nzima kwamba kaanza pombe. Nikasema toeni kila anachomeza. Ikatoka kabamazepini yake ya siku zote, na pakti ya erithromaisini wamenunua duka la dawa kwa ajili ya kikohozi, siku ya tatu hiyo. Ndo hiyo pombe yenyewe. Erithromaisini inalizuia ini lisivunje kabamazepini, bomba linajaza hakuna anayechota, tangi linafurika. Balungi nalo lina tabia hiyohiyo kwa kabamazepini kwaio liache. Sipro, ile antibiotiki ambayo watu mnanunua kama pipi, na tramado ya maumivu, hizo zenyewe zinaweza kuchokoza kifafa. Dawa ya TB inagusana na dawa karibu zote za kifafa za zamani. Na anayetumia ARV zenye dolutegravir akawekwa kwenye kabamazepini lazima kliniki zote mbili zijue, maana kabamazepini inaishusha ile ARV na huwa wanamuongezea dozi. Kwaio sentensi ya kwanza dukani iwe hii, mimi natumia dawa ya kifafa inaitwa hivi. Hata kama nyuma yako kuna foleni na kuna jirani anasikia. Najua ni ngumu.

Dada samahani mimi nina miaka 24 natumia fenitoini mwaka wa tatu sasa sijaanguka muda mrefu. Nataka kuweka kijiti, nilienda kliniki ya uzazi wa mpango hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Shoga yangu anasema kijiti na dawa za kifafa havipatani, ni kweli au maneno? Alafu fizi zangu zimevimba mpaka nikicheka naziba mdomo.
Msomaji, Tanga

Shoga yako apewe zawadi. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni zinalichangamsha ini mno, linachota ile homoni ya kijiti na ya vidonge vya majira kabla haijafanya kazi, unakaa unajua umejikinga kumbe mimba inaingia. Hata P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inapungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviharibiwi na dawa hizi, kwaio rudi kliniki kaongee kuhusu hivyo viwili na dawa yako umeishika mkononi uwaonyeshe.

Na siku ukitaka mtoto usikurupuke kuacha dawa, kuanguka ukiwa mjamzito kunaweza kukuumiza wewe na mtoto. Nenda kabla hujabeba mimba, daktari apange dawa upya na akuanzishie foliki asidi, mara nyingi ile ya 5 mg. Kwa wale mnaotumia valproeti, Epilim na ndugu zake, nawaomba kabisa mdada yeyote anayeweza kushika mimba aulize kama kuna dawa nyingine itakayomfaa, maana hiyo ndo yenye madhara makubwa kwa mtoto tumboni, takriban mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kilema na wengi zaidi wanakuja kuchelewa kujifunza. Lakini mliobeba tayari msiikate nyumbani, kimbieni kliniki.

Fizi ni fenitoini hiyo, sio uchafu wako. Mswaki laini mara mbili kwa siku, mwone daktari wa meno, na siku ya kliniki funua mdomo umwonyeshe daktari, anaweza akakubadilishia. Usizibe tena.

Assalaam alaykum. Kijana wangu ana miaka 17, anatumia kabamazepini asubuhi na usiku, anataka kufunga Ramadhani kama wenziwe. Mamake anaogopa, mimi naona tumwachie. Nipe ushauri.
Baba, Unguja

Waalaykum salaam baba. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo unalijua kuliko mimi, na shekhe wenu atakupa maneno yake. La kwangu ni la masaa. Kutoka daku ya saa 10 alfajiri mpaka futari ya saa 12 na nusu ni kama masaa 14 na nusu bila dawa, kisha usiku zinakuja karibu karibu. Wengine wanavumilia, wengine hawavumilii. Nendeni kwa daktari hata mwezi kabla, kuna kabamazepini inayotoka polepole tumboni ambayo inaweza kumsaidia, hiyo asiisage wala kuitafuna. Na jambo ambalo nyumbani hawaliangalii ni usingizi, kijana akikesha mpaka usiku wa manane kisha anaamshwa daku, usingizi uliokatika peke yake unatosha kumwangusha hata kama dawa kameza. Kama bado anaanguka anguka mwaka huu, mimi niko upande wa mamake.

Mwanangu shikamoo yangu usijali, mimi ni bibi nalea mjukuu wa miaka 8 anaanguka. Anapewa fenobabitoni. Toka ameanza amekuwa mtundu hakai chini, anapiga wenzie. Na akianguka huwa naweka kijiko mdomoni asijing'ate ulimi, juzi kijiko kimemtoa jino. Nafanyaje?
Bibi, Singida

Shikamoo bibi, na pole. Utundu huo ni kweli unaweza kuwa wa dawa, wakubwa inawapa usingizi lakini watoto wengine inawafanya hivohivo unavyosema. Usipunguze wala usiikate, mpeleke ukawaeleze kama ulivyonieleza mimi, wanaweza kumpa nyingine. Ila ukiona ametoka upele, au vidonda mdomoni na macho mekundu pamoja na homa, hasa kwenye miezi miwili ya mwanzo ya dawa yoyote ya kifafa, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kijiko bibi kirudi jikoni. Ulimi uking'atwa unapona, jino la ukubwani likitoka halioti tena, na anaweza kupaliwa. Msogeze mbali na jiko la mkaa na mawe, weka kanga chini ya kichwa, akimaliza kutingishika mlaze ubavu mate yatoke, na usimpe maji wala kidonge mpaka aamke kabisa akujibu kwa jina. Povu lake haliambukizi, mfute tu. Na hiyo chupa ya vidonge ikae juu ambapo yeye na wenzie hawafiki, maana watoto wakiona kidonge wanadhani pipi, na fenobabitoni nyingi inalaza mtoto asiamke.