Nyumba Nafuu, Mlango Mwembamba

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mdogo wangu aliumia uti wa mgongo katika ajali na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Tunatafuta nyumba ya kupanga ambamo ataweza kubaki peke yake mchana ninapokuwa kazini, na mpaka sasa tumeona mbili. Ya kwanza ina kodi ndogo, nayo iko ghorofa ya chini, ila ni mbali na barabara na ina ngazi tatu mlangoni. Kodi ya pili inazidi ile kwa robo, lakini iko jirani na kituo cha basi na haina ngazi hata moja. Dalali anashikilia kwamba ya kwanza inatufaa kwa kuwa “iko chini”. Tuchukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, umeniandikia habari za ngazi, kituo na kodi, lakini hukugusa choo cha nyumba yoyote kati ya hizo mbili, na hapo ndipo mimi ningeanzia. Watu huingia na futikamba wakapima lango na sebule, kisha wakatia saini, kumbe mlango wa choo ndio mwembamba kuliko yote ndani ya nyumba. Viti vingi vya kusukuma kwa mkono vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na vidole vinavyozungusha magurudumu navyo vinahitaji nafasi, kwa hiyo uwazi wa mlango usipungue sentimita 80. Upime mlango ukiwa umefunguliwa, kuanzia uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili, kwa sababu ukipima fremu kwa fremu utakuwa umehesabu sentimita kadhaa ambazo unene wa ubao utakunyang’anya. Ndani, kiti huhitaji duara la kama sentimita 150 ili kigeuke bila taabu. Vyoo vya namna hiyo ni adimu katika nyumba za kodi nafuu, basi angalau pawepo nafasi ya kukiegesha kando ya sinki la choo ili mdogo wako ajihamishe mwenyewe, na mlango uwe unafunguka kwa nje au unaweza kugeuzwa ufunguke hivyo.

Sasa zile ngazi tatu. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili, maana yake kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 16 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 48, na mteremko wake utakuwa na urefu wa karibu mita 6. Je, mbele ya mlango ule kuna mita 6, pamoja na sehemu tambarare ya kusimamia akifungua kitasa? Fundi anaweza kukuahidi kwamba ubao wa mita 2 utatosha. Ubao huo utakuwa mkali kiasi kwamba mtu aliye peke yake hataweza kuupanda, na akiteremka unaweza kumwangusha.

Kuhusu fedha, msilinganishe kodi kwa kodi. Chukueni gharama ya mteremko na ya kupanua milango, mzigawe kwa miezi ya mkataba, kisha mwongeze nauli ya teksi kila anapokwenda kliniki au dukani kwa sababu kituo ni mbali, na malipo ya msaidizi ikiwa hawezi kutoka bila kushikwa. Mara nyingi ile robo humezwa na hesabu hii. Kwa maelezo yako naegemea nyumba ya pili, mradi choo chake kikubali kiti. Jambo la mwisho: mpeleke mdogo wako mwenyewe, na kiti chake, aingie, ageuke, afikie swichi za taa na komeo la dirisha. Yeye ndiye atakayekaa humo mchana kutwa, wala si dalali.

SWALI: Mwenye nyumba wangu amenikatalia kufunga vyuma vya kushikilia bafuni, akidai vitaharibu vigae. Nifanyeje?

JIBU: Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unahesabu kukataa marekebisho ya busara kuwa ni ubaguzi. Hata hivyo mkataba huo huzifunga serikali, na namna unavyomfikia mwenye nyumba binafsi hutegemea sheria za nchi yako, kwa hiyo ulizia kwenye kituo cha msaada wa kisheria au chama cha watu wenye ulemavu kabla hamjagombana. Wakati huohuo mwandikie barua, umweleze vyuma vitakaa wapi, nani atavifunga, na kwamba ukihama utaziba matundu kwa gharama yako. Vile vya kubandika kwa mpira wa kunyonya ukuta usivitegemee kubeba uzito wako, kwani huachia ghafla. Na kama hofu yake kweli ni vigae, nunua vichache vya akiba vya rangi ileile sasa, kabla havijatoweka madukani, umkabidhi pamoja na barua.