Kwa mnaoanza kazi ya kupanga mimea ya jamii ya kunde

Anzeni na njugu. Ng'oeni shina la njugu nyasa na shina la njugu mawe, muyaweke mezani pamoja. Yote mafupi, yote yamezaa chini ya ardhi, na mizizi ya yote ina vile vinundu vya bakteria. Asiyejua ataapa kwamba ni watoto wa tumbo moja. Sasa shikeni jani. La njugu nyasa limegawika vipande vinne, la njugu mawe vitatu. Njugu nyasa, Arachis hypogaea, asili yake ni Amerika ya Kusini na ina kromosomu 40. Njugu mawe, Vigna subterranea, ni ya Afrika Magharibi, ina kromosomu 22, na jamaa zake wa karibu ni kunde na choroko tunazozipika kwa nazi. Hii tabia ya kuzaa ardhini kila mmoja aliipata kivyake, kwao, bila kumjua mwenziwe.

Nimewaelekeza vijana wengi katika kazi hii, Unguja na Pemba, na wengi hufika wakiwa upande mmoja tayari. Wapo waliotoka chuoni wanaoamini kwamba vinasaba vimemaliza ubishi, na kuhesabu petali ni kazi ya wazee. Wapo wengine, hasa waliokulia kwenye kilimo, ambao hawaoni faida ya kupeleka jani maabara wakati mmea wenyewe wanaujua tangu wadogo. Sikubaliani na wote wawili. Sura ya mmea hudanganya, na vinasaba navyo hudanganya, ila kila kimoja kina njia zake za kudanganya na njia hizo zinajulikana. Hizo ndizo za kujifunza mwanzo, hata kabla ya kujifunza mashine.

Tuanze na sura. Si kila kinachoonekana kina uzito sawa. Mgeni wa kazi hii hukimbilia mbegu, kwa sababu mbegu ndiyo aliyoizoea sokoni: nyeupe, nyekundu, yenye jicho jeusi, yenye madoa. Rangi ya ganda la mbegu ya kunde inatawaliwa na jeni chache tu, na mkulima amekuwa akiichagua kizazi baada ya kizazi. Ukubwa wa mbegu ni hivyo hivyo, na ganda lisilopasuka lenyewe likikauka nalo pia. Sifa hizi za mmea uliofugwa zimetokea mara nyingi, katika spishi mbalimbali, kwa sababu binadamu kila mahali anataka kitu kile kile: mbegu kubwa isiyomwagika kabla ya kuvunwa. Ukizitegemea, utaziweka mbegu za shambani kundi moja na za mwituni kundi jingine, hata pale ambapo kunde ya mwituni na ya shambani ni spishi moja.

Ua lina msimamo zaidi, kwa hiyo jifunzeni kulipasua. Ua la kunde hufunguka alfajiri, na jua likishapanda limejifunga. Ukifika kondeni saa tano umechelewa. Chukua lililofunguka, lishike kwa koleo ndogo. Petali kubwa ya nyuma ndiyo bendera, mbili za ubavuni ni mabawa, na mbili za chini zilizoshikana ni mkuku. Ng'oa bendera, ng'oa mabawa, kisha fungua mkuku polepole kwa ncha ya sindano. Ndani mna stameni kumi: tisa zimeungana kwa chini, ya kumi iko peke yake. Baada ya hapo tazama mkuku wenyewe umekaaje. Wa kunde umepinda tu. Wa choroko umepinda na kuelemea upande mmoja, na petali yake ya kushoto ina kifuko kilichochomoza. Wa maharage umejisokota mzunguko mzima na zaidi.

Kwa sababu ya kule kupinda, choroko ilikaa ndani ya jenasi ya maharage, Phaseolus, kwa miaka mingi. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha majina haya ya Kilatini ya maneno mawili, ndiye aliyeiweka huko mwaka 1753. Ilihamishiwa Vigna mwaka 1954. Kisha mwaka 1970 Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki kule Nairobi kabla ya kwenda bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, aliweka mipaka ya jenasi hizi mbili kwa kutazama mambo mengi kwa pamoja: mkuku, chavua, na vile vijani viwili vidogo vilivyo pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina, ambavyo wataalamu wanaviita stipuli. Stipuli za Vigna kwa kawaida hushuka chini ya pale ziliposhikia. Za maharage haziteremki. Vinasaba vilipokuja kupimwa baadaye, maharage ya Amerika yalikaa kwao na choroko ikabaki kwa kunde. Mtu mwenye kioo cha kukuzia na subira alikuwa ameshaliona jambo hilo.

Sifa moja mnaweza kuijaribu leo hii kwa kidole. Jani la maharage lina vinywele vyenye ncha iliyopinda, ukiligandamiza kwenye shati linashika. Vinywele vya namna hiyo Vigna haina. (Katika nchi za Balkani watu walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni usiku ili kunasa kunguni, na wanasayansi wamethibitisha kwamba vile vinywele huwachoma miguu kweli.) Maharage mengi tunayokula hapa huvuka bahari kutoka bara, kwa hiyo ikibidi otesheni mbegu za dukani kwenye kopo mpate majani ya kufanyia mazoezi.

Udongo nao unabadilisha sura. Kunde iliyoota juu ya mawe kule Makunduchi ina majani madogo, shina gumu na maganda machache. Mbegu ile ile ikipandwa kwenye bonde lenye unyevu Pemba inatanda mpaka hujui shina ni lipi. Ukiipima mimea hiyo miwili kila mmoja kwake, umepima udongo na mvua, hukupima tofauti ya mbegu. Ndiyo maana tunakusanya mbegu za sehemu zote, tunazipanda shamba moja, msimu mmoja, kwa marudio, halafu ndiyo tunapima. Inachosha, tena vuli ikichelewa kazi yote inasogea, lakini njia ya mkato sijaiona.

Ila msidhani kila tofauti ya jani ni ya udongo. Kunde zenye majani membamba yaliyochongoka ziko mbali sana kwa sura na zile za majani mapana, na tofauti hiyo inarithiwa, nayo inatawaliwa na sehemu moja tu ya kromosomu. Kitu kikubwa machoni, kidogo kwenye vinasaba. Vivyo hivyo zile kunde za maganda marefu yanayopikwa mabichi, yanayofika hata nusu mita: bado ni Vigna unguiculata, zinachavushana na kunde zetu za kawaida na kuzaa watoto wenye rutuba. Aliyeziandika spishi nyingine kwa sababu ya urefu wa ganda ameangalia kazi ya mkulima akaiita kazi ya maumbile.

Sasa vinasaba. Makosa mengi ya maabara huanzia porini, wakati wa kukusanya. Chukua jani changa, bichi, lisilo na madoa wala mayai ya wadudu, likate vipande, litie kwenye mfuko mdogo pamoja na jeli ya silika isiyopungua mara kumi ya uzito wake. Tumieni ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, ili uone wakati wa kuibadilisha. Jani linatakiwa likauke ndani ya siku moja, livunjike ukilikunja. Hapa kwetu, wakati wa masika hewa yenyewe ni maji, na mfuko uliofungwa ovyo huota ukungu kabla hujafika mjini. Kuna kipande cha vinasaba kinachopendwa sana kwa kutofautisha spishi, kinaitwa ITS. Primeri zake za kawaida, yaani vipande vifupi vya kuanzishia kunakili, hazichagui: kama jani lina ukungu, zinaweza kunakili vinasaba vya ukungu badala ya vya mmea. Matokeo yatakuja safi, yenye herufi zilizonyooka, na unachokisoma ni kuvu.

Majani ya miti kama mkwaju yana tanini nyingi, na mchuzi wa vinasaba unatoka na rangi ya kahawia. PCR, yaani kazi ya kunakili vinasaba, itagoma. Ongezeni PVP, unga unaonasa tanini, wakati wa kusaga, na msikate tamaa mara ya kwanza.

Kipande mtakachochagua kukisoma lazima kilingane na swali. Jeni ya matK iko kwenye kloroplasti, zile chembe za kijani za jani, na hubadilika taratibu; inafaa sana kujua koo kubwa. Kwa hiyo mwaka 2017 kundi la wataalamu wa nchi nyingi lilitumia matK ya spishi karibu 3,700 kuipanga upya familia nzima, Fabaceae, yenye spishi zipatazo 19,500, katika nusufamilia sita. Lakini ukiipeleka matK kwenye kunde ya Wete na kunde ya Paje, itakujibu kwamba ni kitu kimoja, na jibu hilo ni sahihi, ila halikusaidii. Hapo panahitaji alama zinazobadilika haraka, kama SSR, yaani vipande vifupi vinavyojirudia, au maelfu ya SNP, yaani herufi mojamoja zinazotofautiana, kutoka kwenye jozi zote 11 za kromosomu. Tena kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama pekee. Kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki hupita, na kunde mwitu inayoota ukingoni mwa konde inaweza kuchanganyika na ya shambani. Mtoto wa mchanganyiko huo, ukimsoma kwa kloroplasti tu, utamjua mama na baba hutamsikia kabisa.

Na mkilinganisha matokeo yenu na hazina za vinasaba za intaneti, kumbukeni kwamba jina lililoandikwa pale liliwekwa na mtu. Wapo walioweka mfuatano sahihi chini ya jina lisilo lake.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Programu ya kuchora mti wa ukoo itachora mti, hata ukiingiza namba za simu za majirani. Sifa za aina tofauti, yaani vipimo, rangi na ndiyo-au-hapana, msizitupe pamoja kwenye hesabu moja bila kipimo kinachokubali mchanganyiko, kama cha Gower. Msihesabu kitu kimoja mara mbili: urefu wa ganda na idadi ya mbegu ndani yake huenda pamoja. Tawi lenye uungaji mkono mdogo, yaani lisilotokea mara nyingi hesabu ikirudiwa, msilijengee hoja. Na wekeni mmea wa nje ya kundi, vinginevyo hamtajua mti unasimamia wapi.

Mkifungua makabati ya mimea iliyokaushwa mtakuta majina ya zamani. Mkwaju umeandikwa jirani wa mkrismasi. Siku hizi mkwaju, msandarusi na mbambakofi wako nusufamilia ya Detarioideae, na mkrismasi umebaki ya Caesalpinioideae, pamoja na lile kundi la migunga ambalo vitabu vya zamani vililipa familia yake. Mkomwe, unaotupa kete za bao, mtauona umeandikwa Caesalpinia bonduc. Vinasaba vilipoonyesha kwamba jenasi ile ni mkusanyiko wa koo mbalimbali, ikavunjwa, na mkomwe ukarudi kuitwa Guilandina bonduc, jina ambalo Linnaeus aliupa tangu mwanzo. Msifute maandishi ya zamani wala kubandua. Bandikeni karatasi mpya pembeni, yenye jina jipya, jina la aliyetambua na tarehe.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni: sura ikisema hivi na vinasaba vikisema vile, nani aaminiwe? Kwanza rudini kwenye namba. Namba iliyo kwenye mfuko wa silika ndiyo ile iliyo kwenye karatasi ya mmea uliokaushwa, kwenye picha na kwenye daftari? Mara nyingi ubishi unaishia hapo. Namba zikiwa sawa, soma tena kipande kile kutoka jani jingine la mmea ule ule. Likija jibu lile lile, soma kipande kingine, cha kromosomu ikiwa mwanzo ulisoma cha kloroplasti. Vikitofautiana, shuku mchanganyiko. Vikikubaliana, rudi kwenye ua na uulize kama sifa uliyoitegemea ni ile ambayo mkulima au udongo unaweza kuibadilisha. Mmea usiokuwa na kielelezo kilichokaushwa hauwezi kupita ngazi hata moja kati ya hizi, kwa hiyo jani la vinasaba lisilo na kielelezo mimi silipokei.

Mambo ya porini. Mpitieni sheha kwanza, kisha mwenye konde, na salamu zisiwe za haraka. Mbegu za nyumbani wengi wanaozitunza ni kina mama. Mwacheni Bi mkubwa aeleze mwenyewe anazitofautisha vipi, na muandike maneno yake, kwa sababu huwa anajua ipi inaiva mapema na ipi inabunguliwa ghalani, sifa ambazo hebaria haina. Upupu uendeeni na glavu, msimame upande upepo unakotoka. Mbegu nyekundu za mturituri, zenye doa jeusi, ni sumu kali zikitafunwa. Zisiachwe mezani penye watoto.

Kwa mazoezi ya kwanza nendeni pwani, juu kidogo ya maji yanapofika, mashariki ya Unguja au kaskazini ya Pemba. Tafuteni mitambazi miwili yenye majani ya vipande vitatu: wenye maua ya njano ni Vigna marina, wenye maua ya waridi na maganda manene ni Canavalia rosea. Kusanyeni yote miwili, nakala tatu kwa kila mmoja. Badilisheni magazeti ya kukaushia kila siku, na nakala moja ibaki hapa visiwani hata kama mfadhili anazitaka zote.